Duara la Mtani

1

Tasiana Komba alikataa kutoka kaburini.

Aliruka ndani wachimbaji walipokuwa wanapumzika, akajilaza chali juu ya udongo mwekundu uliolowa, akakunja mikono kifuani na kufumba macho. Jeneza la Yusta lilikuwa pembeni, chini ya turubai, maana manyunyu hayakukatika tangu asubuhi na ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye miti ya chai. Hakuna aliyeshtuka. Kilolo ni kwa Wahehe, Tasiana, rafiki wa Yusta, ni Mngoni wa Songea, na Mngoni ni mtani wa Mhehe. Msibani mtani husema yale ambayo ndugu hawezi kuyasema, naye hakasirikiwi.

"Toka humo, mla panya wewe!" shangazi mmoja akapaza sauti. "Hilo si lako."

"Nimelipima, linanitosha," Tasiana akajibu bila kufumbua macho. "Tena huku chini kuna joto kuliko kwenu. Sasa naelewa kwa nini Wahehe wakifa hawarudi."

Watu wakacheka kicheko kifupi cha msibani, mikono midomoni. Ignasi Chengula, baba mdogo wa marehemu na msemaji wa familia, akasogea ukingoni.

"Haya, mtani. Unataka nini?"

"Jogoo."

"Umempata."

"Mzima, baba. Siyo yule aliyefia njiani mkataka kunipa na rambirambi."

"Mzima. Toka basi, mtoto apumzike."

"Bado." Sasa Tasiana alifumbua macho, na hayakuwa macho ya mtu anayetania. "Nataka mama avue bangili."

Nyuso zote zikamgeukia Generoza, mama wa marehemu.

Alikuwa amesimama kwenye kichwa cha kaburi, mkono wa kushoto umeinuliwa usawa wa kifua, kifundo kimegeuzwa nje. Kwenye bangili yake taa ndogo ya kijani ilikuwa inawaka. Kijani maana yake ni duara la nje: kila aliyejiunga na mtandao wa Kibaraza, popote alipo duniani, alikuwa analiona kaburi hili, turubai hili, na huyu msichana aliyelala shimoni. Generoza hakuwa ameamua kurusha mazishi ya binti yake. Mkono ulipanda wenyewe, kama ulivyopanda kwa ubatizo, kwa jino la kwanza, kwa kila Krismasi, kwa mahafali.

"Mama yuko hewani," Tasiana akawaambia waombolezaji, kwa sauti ya mtangazaji. "Wasalimieni wafuasi."

Safari hii waliocheka walikuwa wachache. Generoza aliivua bangili. Vidole vilikuwa na baridi na kifungo kilimsumbua, ikabidi shangazi amsaidie. Taa ya kijani ikazimika. Ndipo Tasiana akasimama mle mle kaburini, akashika ukosi wa sweta lake na kulivuta juu hadi likafunika mdomo, pua na macho, likabakiza paji la uso tu. Akakaa hivyo, mabega yamepanda, kama mtoto anayesubiri kitu kibaya kipite.

Kila mtu alimtambua. Huyo alikuwa Yusta. Zilikuwepo picha zake nyingi za namna hiyo: Yusta mezani, Yusta kitandani na surua, Yusta mlangoni mwa shule, sweta limefika machoni. Generoza alikuwa ameziwekea maneno yaleyale kila mara: *Aibu za binti yangu.* Watu walizipenda mno.

Shangazi aliyemtukana Tasiana alianza kucheka, kicheko kikamgeuka kooni, akakaa chini kwenye majani mabichi na kulia kwa sauti.

2

Daktari wa hospitali ya mkoa alikuwa amempa Generoza taarifa yake siku moja kabla ya mazishi, ofisini, mlango ukiwa umefungwa. Alizungumza taratibu. Generoza alimshukuru kwa hilo, kwani alikuwa mtu wa kutaka kuelezwa jambo lilivyo.

Misuli ya moyo wa Yusta ilikuwa imenenepa kupita kiasi, hasa ukuta unaotenganisha vyumba viwili vikubwa vya moyo. Moyo wa namna hiyo hufanya kazi kwa miaka bila kelele, halafu siku moja mapigo yanavurugika na damu haisukumwi tena. Ni ugonjwa wa kurithi. Mzazi mwenye nao anaweza kumwachia mtoto, na uwezekano ni nusu kwa nusu.

"Baba yake alianguka akipasua kuni," Generoza alisema. "Wakatuambia presha."

"Inawezekana ilikuwa hii." Daktari akafunua ukurasa wa pili. "Kuna jambo jingine, mama. Kwenye damu yake tumekuta dawa ya kutuliza mapigo. Dawa hiyo haipatikani bila cheti. Binti yako alikuwa anatibiwa."

"Alikuwa anajua?"

"Alikuwa anajua."

Alikuwa anajua, na alikuwa amepanga chumba kule karibu na chuo, mwendo wa dakika kumi kwa pikipiki kutoka kwa mama yake. Jumapili alikuwa anakuja kula ugali na kuondoka na chombo cha maharage. Jumapili ya mwisho alikuwa amelalamika kwamba maharage yana chumvi.

Kilichofuata Generoza hakuhitaji daktari amweleze, kwani yeye ndiye aliyekibuni.

Bangili ya Kibaraza husikiliza mapigo ya anayeivaa. Yakivurugika, hutoa mlio na kutuma taarifa kwa watu aliowachagua. Kila mtu ana maduara matatu. La nje ni la wote. La ukoo ni la ndugu. La tatu ni duara la mtani, na ndani yake anaingia mtu mmoja tu: mtu wa nje ya familia, anayeweza kuambiwa kitu kisicho na pa kusemewa. Vijana walikuwa wanaikimbia Kibaraza kwa sababu kila mahali walimkuta mama, mjomba na mwalimu. Generoza, mkuu wa ubunifu wa kampuni hiyo, ndiye aliyesimama mbele ya wakurugenzi na kusema kwamba jibu wanalo tayari, babu zao walilijua, na halina haja ya kuagizwa kutoka ng'ambo. Hata jina alilitoa yeye.

Yusta alikuwa ameyaondoa mapigo yake kwenye duara la ukoo. Alipoanguka, taarifa ilikwenda Songea, kwa Tasiana.

3

"Nilianza kwa mwenye nyumba," Tasiana alisema.

Walikuwa wamekaa jikoni kwa Ignasi, mchana wa siku ya kwanza baada ya maziko, wanawake wengine wakiwa nje wanachambua mboga. Tasiana alikuwa bado na lile sweta. Jogoo wake alikuwa amefungwa mguu kwenye stuli, na mara kwa mara alilivuta kuelekea mlangoni.

"Hakupokea. Nikapiga tena. Nikampigia yule dada wa chumba cha pili, simu imezimwa. Nikarudi kwa mwenye nyumba. Ndipo nikakupigia wewe, mama."

"Kwa nini hukuanza na mimi?"

"Aliniapisha."

"Mtu anakufa, Tasiana."

"Sikujua kwamba anakufa! Mlio ule ulishalia mara mbili kabla, na mara zote mbili aliinuka mwenyewe akaniambia, we Mngoni, usinisumbue, nilipanda ngazi haraka." Akajifuta pua kwa mkono wa sweta. "Ile saa niliyokuwa nampigia mwenye nyumba nilikuwa namsikia Yusta kichwani, kama siku aliyoniapisha. Anasema, ukimwambia mama, kesho nchi nzima inajua moyo wangu una unene gani. Watatuma maua. Watu nisiowajua wataniombea."

Lilikuwepo jambo lililosimama kati yao, na wote wawili walilijua. Yusta alipokuwa na miaka kumi na mitatu, alivunja ungo. Habari hiyo kwao ni ya wanawake. Hukaa ndani na mama, shangazi na somo, na wanaume wa nyumba hujifanya hawana habari. Generoza alimfunga binti yake kitenge kipya, akampiga picha, akaiweka duara la nje. *Binti yangu amekuwa mkubwa.* Kesho yake wavulana wa darasa lake walimpokea kwa vigelegele. Jioni, mezani, Yusta aliuliza swali moja: "Ulimwambia nani?" Generoza akajibu, "Watu wanaotupenda." Yusta akamaliza chakula chake, akaosha sahani. Hakulitaja tena jambo hilo, na Generoza alichukulia kwamba limekwisha.

Sasa alitoa vitu viwili mfukoni na kuviweka juu ya meza. Kimoja kilikuwa bangili ya Yusta, aliyokabidhiwa hospitali ndani ya bahasha. Cha pili kilikuwa kibao chembamba cheusi, kidogo kuliko kiberiti.

Tasiana alikijua. "Hicho ni cha ofisini."

"Ndiyo."

Ufunguo wa duara la mtani una vipande vitatu. Kimoja kimo kwenye bangili ya mwenyewe, kimoja kwa mtani wake, kimoja ofisini. Vipande viwili vyovyote vikikutana, duara linafunguka. Kipande cha ofisini kiliwekwa kwa ajili ya mahakama, na kanuni yake ni fupi: mtumishi hafungui duara la ndugu yake. Kanuni hiyo Generoza aliiandika kwa mkono wake. Wakurugenzi walitaka kuongeza maneno *isipokuwa kwa dharura*, naye akakataa, akawaambia kwamba kila mtu siku yake ikifika ataiona dharura yake ni ya kweli.

Mwenye bangili akifa, kipande chake hubaki hai hadi matanga yaanuliwe. Msemaji wa familia akilitamka neno hilo, bangili inasikia, kipande kinafutika, na kile cha mtani kinafutika pamoja nacho. Hilo nalo lilikuwa wazo lake. Matanga yangeanuliwa kesho asubuhi.

"Kuna Adela," Generoza alisema. Adela alikuwa binti yake wa pili, kidato cha tatu. Wakati huo alikuwa nje, anachambua mboga na shangazi zake. "Ugonjwa unarithiwa. Yusta alionana na madaktari. Huenda aliandika nini cha kufanya, dalili zilianzaje. Nina wajibu kwa mtoto aliyebaki."

Tasiana alimvuta jogoo, akamsogeza miguuni pake.

"Mama, mimi nimesoma uhasibu, moyo siujui. Lakini si umpeleke Adela hospitali akapimwe? Yusta aliandika ya moyo wake. Wa Adela hakuuandika."

Jogoo alilivuta stuli. Nje kulisikika sauti ya Adela akiuliza kisu kiko wapi.

Generoza alipitia maneno hayo kama alivyozoea kupitia kazi za vijana wa ofisini, akitafuta kosa. Hakuliona. Kipimo cha Adela kilikuwepo mkoani, kilichukua muda mfupi na hakikuhitaji neno hata moja la marehemu. Ile sababu aliyokuja nayo kutoka mjini, aliyoibeba moyoni njia nzima ikimtia nguvu, haikuwa sababu. Alichokitaka ni kingine, nacho hakikuwa na jina linaloweza kuandikwa kwenye ombi.

"Nataka kusikia akiongea," alisema. "Basi. Hata kama ananisema vibaya."

"Alikuwa anakusema," Tasiana akasema taratibu. "Alikuwa anakuigiza pia. Ukiwa unatafuta mwanga mzuri. Nilicheka mpaka nikaumwa mbavu."

"Ni hayo tu?"

"Siyo hayo tu."

"Niambie moja."

Tasiana akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na aliyaacha. "Fungua, mama, mimi siwezi kukuzuia. Vipande viwili unavyo. Ila usinitake mimi nikupe ruhusa. Ruhusa hiyo alikuwa nayo yeye, na hakuiacha kwangu."

Akamfungua jogoo, akambana kwapani, akatoka.

4

Asubuhi, kabla watu hawajakusanyika uani, Generoza alikaa peke yake kwenye chumba alicholala na kukigusisha kibao cheusi kwenye bangili.

Maandishi yalielea juu ya bangili, madogo na meupe. Alikuwa ameyachagua yeye, hata ukubwa wa herufi.

*Duara la mtani. Mwenyewe: Yusta Chengula. Vipande viwili vimetimia. Fungua?*

Chini yake kulikuwa na mstari mwingine, wa kawaida, unaojitokeza kwa kila duara: siku na saa lilipoanzishwa. Generoza aliusoma, akausoma tena.

Ilikuwa siku ya uzinduzi. Aliikumbuka vizuri. Alisimama jukwaani Dodoma amevaa gauni la bluu, akawaeleza watu mia kadhaa kwa nini kila binadamu anahitaji mahali pamoja ambapo hata wanaompenda hawaingii. Yusta alikuwa kiti cha mbele. Alikuwa ameinamia bangili yake, na Generoza, huku akizungumza, alifurahi kuona kwamba mtoto anamrusha mama yake hewani.

Saa iliyoandikwa hapo ilikuwa katikati ya hotuba hiyo. Huenda alikuwa mtu wa kwanza kabisa kulitumia. Hakusubiri hata mama yake ashuke jukwaani.

Kwa hiyo ile kazi aliyoisifia zaidi ya zote, iliyomletea tuzo na ofisi yenye dirisha, alikuwa amemfanyia mtu mmoja bila kujua. Na ilifanya kazi kama alivyoichora. Ilimlinda Yusta dhidi ya mama yake kwa ukamilifu, ikamlinda hadi ile dakika ambayo mama yake alihitajika, na hata dakika hiyo haikuteleza. Ukitafuta kosa la kiufundi, halikuwepo.

Alikaa akilitazama lile neno, *Fungua?*, na kidole kimoja kimesogea karibu nalo. Mle ndani mlikuwa na sauti. Yusta alipenda kuongea kuliko kuandika. Angegusa tu, na binti yake angeongea.

Mlango ukabishwa.

"Shemeji," ilikuwa sauti ya Ignasi, "watu wametimia. Tunakusubiri wewe na bangili ya mtoto."

Generoza alikitenganisha kibao na bangili. Maandishi yakapotea. Akafungua mlango, akampa Ignasi bangili kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mwenzake mtoto aliyelala.

Uani Ignasi aliwashukuru majirani, akawashukuru watani, akasema marehemu hadaiwi na mtu. Akaishika bangili karibu na mdomo, kwa mashaka kidogo, maana vitu hivyo hakuvizoea.

"Matanga yameanuliwa," alisema.

Bangili ikatoa mlio mmoja hafifu, usiofika hata mstari wa pili wa viti. Upande wa pili wa uwanja Tasiana, aliyekuwa amekaa na jogoo mapajani, alitazama kifundo chake cha mkono, kisha akakifunika kwa mkono wa sweta. Sasa naye alichokuwa nacho ni kumbukumbu tu.

5

Kipimo cha Adela kilifanyika wiki iliyofuata. Walipanda hadi ghorofa ya pili kwa lifti, mama na mwana. Fundi alimpaka Adela mafuta baridi kifuani, akapitisha kichwa cha mashine ubavuni, akaangalia kioo chake na kuandika. Moyo wa Adela ulisikika chumba kizima, kama mtu anayefua nguo mtoni.

Baada ya hapo waliingia kwa daktari, yuleyule. Alikuwa na majibu mbele yake, karatasi imelala kifudifudi. Usoni mwake hapakusomeka kitu.

"Sheria inaniruhusu kumweleza mzazi," alisema, "lakini kwa umri wake namwuliza na yeye. Adela, majibu haya niyaweke duara gani? La ukoo, au la mtani?"

Adela alimtazama mama yake. Alikuwa na macho ya Yusta. Jambo hilo watu walimwambia Generoza tangu watoto wakiwa wadogo, naye alilipigia picha. Mkono wa binti ulikuwa umepanda kwenye ukosi wa sweta la shule, ukaushika, ukatulia hapo.

Generoza alijua uwezekano. Nusu kwa nusu. Alijua pia kwamba chumba cha kusubiria kiko mwendo wa hatua chache, na mlango wa daktari ni wa mbao nzito zisizopitisha sauti.

"Msikilize yeye," alimwambia daktari, akainuka. "Mimi niko nje, mwanangu."

Alikaa kwenye benchi, kati ya mzee aliyekuwa anasinzia na mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Bangili yake, aliyoivaa tena tangu jana yake, ilikuwa imezimwa duara la nje. Duara la ukoo lilikuwa wazi. Kama Adela angechagua ukoo, ingetetemeka mara moja, kidogo, kama mdudu aliyetua. Generoza aliweka mkono juu ya paja na kuutazama. Aliutazama muda mrefu. Mtoto mgongoni mwa yule mwanamke aliamka, akalia, akanyamazishwa.

Bangili haikutetemeka.

Mlango ulifunguka. Adela akatoka, karatasi imekunjwa mara nne ndani ya ngumi, akalivuta sweta lake likae sawa.

"Twende, mama," alisema.

"Twende."

Lifti ilikuwa imejaa watu. Wakashuka kwa ngazi. Adela alishuka polepole, mkono kwenye ukuta, akisimama kidogo kila baada ya ngazi kadhaa kama mtu anayesikiliza kitu. Generoza naye akapunguza mwendo, akashuka kando yake ngazi kwa ngazi, wala hakuuliza.